Kimya Hakilipwi

Kampuni aliyoifanyia kazi haikuwa na mlango. Haikuwa na ofisi, wala kibao cha jina, wala mlinzi wa kumsalimia asubuhi. Ilikuwa na watu kumi na wanne waliotapakaa katika miji mbalimbali, kila mmoja kajibana kwenye kona ya nyumba yake, kavaa hedifoni, anasikiliza sauti za watu asiowajua na kuziandika neno kwa neno. Makampuni ya bima yalileta mahojiano ya watu waliopata ajali, hospitali zikaleta maelezo ya madaktari, mabaraza yakaleta mikutano yao isiyokwisha. Waandishi waliandika, na yeye akakagua. Alifuta, akanyoosha, akaweka nukta mahali ambapo msemaji alivuta pumzi. Ndiyo maana wenzake walimwita Nukta, na jina likamganda mpaka mumewe naye akawa anamwita hivyo akitaka kumtania.

Meza yake ilikuwa nyembamba, imebanwa kati ya kabati la nguo na dirisha la chumba cha kulala. Mlangoni alitundika blanketi zito ili kelele za sebuleni zisiingie. Sponji za hedifoni zilikuwa zimechanika, akazishonea kitambaa cha soksi. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, hakuwahi kuikubali sawasawa kazi hiyo. Siku moja alimwuliza, wakimfukuza atatoka wapi aende wapi. Atainuka kwenye kiti aende kitandani? Akacheka mwenyewe mpaka akapaliwa.

Mama mkwe huyo alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akimimina chai alitia kidole kikombeni ajue kimejaa. Daktari alisema upasuaji ni wa nusu saa tu, ila bei aliyoitaja iliwafanya watoke pale kimya kimya kama walioiba kitu. Mume wa Nukta alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, analipwa kwa safari, na safari zilikuwa zimepungua. Kwa hiyo macho ya bibi yule yalisubiri.

Halafu Meneja akamwahidi Nukta cheo. Mwisho wa mwezi angekuwa Mkaguzi Mkuu, mwenye mshahara wa kila mwezi badala ya kulipwa kwa faili, na bima ya afya ya nyumba nzima. Nukta hakuweza kujizuia, akamwambia mama mkwe wake siku ileile. Kufikia jioni majirani wa pande zote mbili walikuwa wameshapata habari kwamba bibi anakwenda kufanyiwa macho.

Mwezi huohuo kampuni ikatuma dodoso la kupima kama wafanyakazi wanaridhika. Maswali yalikuwa kumi. Unaridhika na mzigo wa kazi? Unaridhika na malipo? Unaonaje uongozi? Mtu anachagua namba, moja hadi tano. Juu kabisa, kwa herufi nene, iliandikwa kwamba majibu ni ya siri na hakuna atakayeulizwa. Chini kulikuwa na kisanduku kitupu cha maoni mengine. Nukta alijaza nne, nne, nne, kuanzia juu hadi chini, kisanduku akakiacha kilivyo. Alikuwa na cheo chake njiani, hakutaka kukikwaza.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, Meneja akampigia simu. Alikuwa mtu wa sauti ya pole, mwenye mazoea ya kuanza kila habari na "ndugu zangu" hata akizungumza na mtu mmoja. Siku hiyo hakusema ndugu zangu. Alimwuliza kama yuko peke yake, kisha akamwambia afungue barua pepe.

Kulikuwa na karatasi moja tu. Mtu mmoja kati ya kumi na wanne alikuwa amekijaza kile kisanduku.

*Sasa, nauliza kwa heshima. Rekodi ikiwa ya dakika arobaini, mashine ya kampuni inakata dakika za ukimya na za vikohozi, tunalipwa ishirini na mbili. Mimi sisikilizi ishirini na mbili. Nasikiliza zote arobaini, na zile zenye sauti mbovu nazirudia mara nne. Tunasikiliza kimya, na kimya hakilipwi. Vile vile, tulioingia baada ya mwaka jana tunalipwa chini ya wenzetu kwa kazi ile ile, na tumeambiwa tusiulizane. Sasa, hiyo ni haki?*

Meneja alieleza kilichomsibu. Alitakiwa kupeleka muhtasari tu kwa Mkurugenzi, mwanamke mwenye kampuni, lakini mfumo ulipeleka kila kitu jinsi kilivyoandikwa. Mkurugenzi alisoma, akataka maelezo. Ile mashine ya kukata ukimya ilikuwa wazo la Meneja mwenyewe. Ndiyo iliyompunguzia gharama mwaka jana na kumpatia sifa. Sasa alikuwa na kikao na Mkurugenzi Ijumaa saa nne, na alitaka kwenda akiwa na jina. Aliamini aliyeandika ni mtu mwenye kinyongo, pengine anataka kuwachukua wateja aanzishe kampuni yake. Akishajulikana, maneno yake yatapoteza uzito.

"Dada, wewe unazijua kalamu zao," alisema. "Uliniambia mwenyewe, huhitaji kuona jina kwenye faili."

Ni kweli alisema. Alijisifu hivyo kwenye kikao kimoja, watu wakacheka, naye akajisikia vizuri.

Na sasa alikuwa amemjua mwandishi kabla hata ya kumaliza mstari wa kwanza. Katika watu wote wale, mmoja tu alianzisha habari na "Sasa" kisha akaweka mkato. Mmoja tu aliandika "vile vile" na "ile ile" kwa kuyatenganisha, na baada ya kila nukta akaacha nafasi mbili, kama walivyofundishwa watu wa zama za mashine za chapa. Nukta alikuwa ameziziba nafasi hizo kwa miaka mitatu. Mwandishi huyo alikuwa mama mmoja wa mji wa jirani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi; wenzake walimwita Mwalimu. Nukta hakuwahi kumwona uso. Alichojua ni kwamba mumewe alipigwa na kiharusi, hainuki kitandani bila kusaidiwa, na kwamba kazi hii ndiyo iliyowaweka mjini.

Akamwambia Meneja ampe muda asome vizuri.

"Mpaka Alhamisi," akajibu Meneja.

Siku hiyo Nukta alikagua faili saba na hakukumbuka hata moja.

Jumanne mambo yakaanza kuchacha. Kila mwandishi alikuwa na orodha yake ya kazi, na wote waliweza kuona orodha za wenzao, nani ana faili ngapi. Asubuhi ile orodha ya Wakili ilikuwa tupu. Huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, aliyeitwa Wakili kwa sababu hakuna tangazo lililopita kwenye kundi la kampuni bila yeye kuuliza swali. Kila mtu alipata faili zake nne au tano, yeye sifuri. Saa sita bado sifuri. Jumatano asubuhi ilikuwa vilevile, na kwenye kundi hakuna aliyethubutu kuandika neno. Watu kumi na wanne waliosalimiana kila siku kwa vichekesho na picha za chai, wote wakawa kama wamehama.

Mchana Wakili akampigia Nukta. Alianza kwa mzaha, akauliza kama amekufa bila kuarifiwa, maana hapati kazi wala rambirambi. Kisha sauti ikabadilika. Alisema kodi ya chumba inadaiwa Jumapili. Alisema amemwandikia Meneja mara tatu, ujumbe umesomwa, jibu hakuna.

"Dada Nukta, kama kuna kosa nimefanya kwenye faili, niambie. Nitalirekebisha."

Nukta akamwambia faili zake hazina kosa. Alitaka kuongeza neno, akalimeza. Wakili akashukuru, akaaga kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomchoma zaidi.

Nukta akapiga moyo konde, akampigia Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna faili imerudi?"

Nyuma yake redio ilikuwa ikisema polepole, na mtu akikohoa kikohozi kizito cha kifuani. Nukta alizunguka kwanza, akauliza hali ya mgonjwa, akauliza hali ya mtandao. Mwishowe akasema kuna maoni yameandikwa kwenye dodoso, wakubwa wanamtafuta aliyeyaandika, na wamemshika Wakili. Wamemnyima kazi tangu jana.

Redio ikazimwa.

"Wakili naye anapenda sana maneno," akasema.

"Si yeye."

"Umejuaje si yeye?"

"Nimesoma maandishi yenu wote kwa miaka mitatu, Mwalimu."

Kikohozi kikaja tena, kisha hatua za mtu anayehama chumba, kisha mlango ukafungwa. Mwalimu aliporudi kwenye simu alizungumza kwa sauti ya chini, na sauti ile iliyowatuliza watoto wa watu darasani miaka thelathini ilikuwa ikitetemeka.

"Mimi sijaandika kitu, mwanangu. Niliweka namba zangu nikafunga. Wakikuuliza, waambie hivyo."

"Sawa, Mwalimu," akasema Nukta.

Alipokata simu alishikwa na hasira, tena hasira kali, akamwona mama yule mwoga na mwenye roho ngumu. Alitembea chumbani hatua tatu kwenda na tatu kurudi, maana chumba hakikuwa na hatua ya nne. Ilimchukua muda kukubali kwamba yeye mwenyewe alikuwa na jina la kweli mdomoni tangu Jumatatu, na Wakili hana kazi.

Alhamisi saa tatu Meneja akaandika ujumbe. Alisema hana tena haja ya kumsumbua. Ushahidi wote unaonyesha ni Wakili. Alichohitaji ni Nukta aingie kwenye kikao kesho na aseme, kama mkaguzi, kwamba maandishi yanafanana na yake. Sentensi moja tu. Chini ya ujumbe alikuwa ameambatanisha mkataba wa Mkaguzi Mkuu, umeshapigwa muhuri, unangoja sahihi.

Nukta akaufungua. Mshahara ulikuwa palepale walipoahidiana. Ukurasa wa tatu ulikuwa na orodha ya watakaolipiwa matibabu, na kwenye mstari wa pili jina la mama mkwe wake lilikuwa limeandikwa kamili, herufi kwa herufi, bila kosa hata moja la kurekebisha. Aliusoma mstari ule mara nyingi. Sebuleni bibi alikuwa akipangusa meza kwa kupapasa, akiimba kwa sauti ya puani.

Alifunga mkataba bila kutia sahihi, akafungua faili iliyofuata ili mikono ipate shughuli.

Ilikuwa kazi ya Mwalimu, mahojiano ya kampuni ya bima. Mwanamume mmoja alikuwa akieleza jinsi gari lake lilivyomgonga mpita njia kwenye kona. Rekodi ilikuwa ya dakika arobaini na moja. Malipo yaliyoandikwa pembeni yalikuwa ya dakika ishirini na tatu. Mtu yule hakuweza kusema. Alianza, akakwama, akakaa kimya muda mrefu, mhojaji akimsubiri. Mashine ilikuwa imeviwekea vipande hivyo vya kimya alama ya kijivu: hakuna kitu, hakilipwi. Nukta alikuwa karibu kuviruka. Kisha akaona kwamba Mwalimu ameandika neno katikati ya kijivu. Akaongeza sauti, akashika hedifoni kwa mikono miwili. Dakika ya tatu ya kimya kile mtu yule alinong'ona, karibu hakutoa sauti: "Niliiona taa." Basi. Kisha kimya tena.

Nukta akarudisha nyuma, akasikiliza upya. Aliona taa nyekundu, hakusimama. Kesi nzima ilikuwa ndani ya maneno mawili, na mashine ilikuwa imeyahesabu kama ukimya.

Akaacha kukagua. Akafungua kumbukumbu za mwezi mzima, ambazo mkaguzi peke yake ndiye aliyeweza kuziona pamoja na Meneja, akapanga urefu wa kila rekodi na dakika zilizolipwa. Alifanya hivyo hadi jua likahama kutoka dirishani. Meneja alituma ujumbe mara mbili kuuliza kama wako pamoja. Hakujibu.

Ijumaa alivaa blauzi nzuri, chini akabaki na kanga, kama walivyofanya wote kwenye vikao. Alimwomba mama mkwe wake asiingie. Saa nne kamili skrini ikafunguka. Meneja alikuwa amekaa mbele ya ukuta mweupe, kanyoa vizuri, jasho likimtoka juu ya mdomo. Mkurugenzi hakuwasha kamera. Alikuwa duara la kijivu lenye herufi moja katikati.

Meneja alianza. Alizungumza kwa dakika kumi hivi. Alieleza kwamba wafanyakazi wengi wameridhika, wastani ni tatu nukta nane, na akaonyesha mchoro. Akasema yale maoni yametoka kwa mtu mmoja mwenye historia ya kulalamika, na kwamba mkaguzi wao, aliyezijua kalamu za wote, yupo hapa kuthibitisha.

"Endelea, dada," akasema.

Moyo wa Nukta ulikuwa ukidunda mpaka akaogopa kipaza sauti kitaudaka.

"Si Wakili," akasema. "Maandishi hayafanani na yake hata kidogo."

Meneja akatabasamu kama mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Akamkumbusha kwamba walishazungumza. Duara la kijivu likatoa sauti, sauti kavu ya mwanamke mtu mzima.

"Ni ya nani basi?"

"Namjua, Mama. Ila sitamtaja. Juu ya dodoso mliandika hakuna atakayeulizwa, na mimi nimeulizwa tangu Jumatatu."

Meneja alifungua mdomo. Nukta hakumpa nafasi, kwa kuwa alijua akinyamaza hatapata tena nguvu ya kuanza. Alisema ukweli wa maneno yale hauhitaji jina. Yeye ana kumbukumbu, na angependa wasikilize kipande kimoja cha kazi ya juzi, dakika nne tu.

"Mimi nina kikao kingine," akasema Mkurugenzi.

"Dakika nne, Mama."

Akabonyeza. Sauti ya mhojaji ikauliza swali lake. Kisha hapakuwa na kitu. Skrini ikabaki na sura ya Meneja na duara la kijivu. Baada ya muda mfupi Mkurugenzi akauliza kama mtandao umekatika. Nukta akamwambia hapana, rekodi inaendelea, asikilize. Kiti kililia mahali fulani. Mtu wa kwenye rekodi alivuta kamasi. Dakika moja ikapita. Meneja alitazama pembeni, akatazama saa, akarudisha macho. Dakika ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Nukta alijua kwamba kama Mkurugenzi atakata simu, basi yeye hana kazi, hana cheo, na mtu yupo sebuleni anayesubiri kuona.

Kisha ule mnong'ono ukapita, hafifu kama mtu anayefuta kioo.

"Amesema nini?" Mkurugenzi akauliza.

Nukta akasimamisha rekodi, akamsomea kama Mwalimu alivyoandika: niliiona taa. Akamwambia kwamba kipande chote hicho mashine imekikata kwenye malipo. Aliyekiandika alikisikiliza bure, na kama angekiruka kwa kuwa halipwi, kampuni ya bima ingepokea karatasi isiyo na neno hilo. Akataja na hesabu ya mwezi: waandishi wamesikiliza saa mia tano na kumi, wamelipwa mia tatu na sita. Wale wapya wamelipwa hata chini ya hapo, kwa kiwango kingine.

"Ni kweli?" Mkurugenzi akauliza, na haikuwa kwa Nukta.

Meneja alisema suala hilo lina mambo mengi ya kiufundi.

"Nimeuliza kama ni kweli."

"Ni kweli," akasema Meneja.

Mkurugenzi akasema atawasiliana nao, akatoka. Meneja na Nukta wakabaki wakitazamana kwenye skrini. Macho ya Meneja yalikuwa mekundu. Alimwambia kwa sauti ileile ya pole kwamba naye ana watoto watatu, kisha akazima.

Majibu yalikuja kwa mafungu, na hayakuja yote kwa uzuri. Jumamosi orodha ya Wakili ilipata faili sita. Jumatatu Nukta akapokea barua ya onyo kwa kutumia rekodi ya mteja kwenye kikao bila kibali, na chini yake mstari mmoja ukisema nafasi ya Mkaguzi Mkuu imesitishwa hadi itakapotangazwa tena. Sahihi ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe. Wiki ya tatu likatoka tangazo kwa wote: kuanzia mwezi ujao kila rekodi italipwa kwa urefu wake wote, na viwango viwili vitaunganishwa kuwa kimoja. Kiwango hicho kimoja kilikuwa chini kidogo ya kile cha zamani. Waliokuwa wapya walifurahi, wa zamani wakanuna, na dakika zilizokwisha kukatwa hazikutajwa popote. Meneja alibaki. Vikaoni alikuwa akimsalimia Nukta kwa cheo chake, hakumwita tena dada.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Nukta alimweleza mama mkwe wake habari yote, tangu mwanzo, akiwa amepiga magoti kando ya kiti chake. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Alisema hamlaumu kwa kutomtaja yule mwalimu. Alichomlaumu ni kwamba macho ni yake, na amezisikia habari zake jambo likiwa limekwisha.

"Ungeniuliza," akasema. "Huenda ningekuambia hivyohivyo. Lakini ungeniuliza."

Hakuzungumza naye siku mbili, na majirani walipouliza tarehe ya upasuaji aliwajibu waulizeni wenye kampuni. Mume wa Nukta aliporudi safarini walikwenda wote hospitali ya umma, wakamwandikisha kwenye foleni. Jicho moja, baada ya miezi mitano.

Jumamosi moja, mwezi ulipokuwa unaisha, Mwalimu alipiga simu akasema yuko kituo cha mabasi cha mji wao. Hakusema kwa nini. Nukta alitoka mbio mbio akamkuta amesimama na mkoba wake wa ngozi, mwanamke mfupi kuliko sauti yake, viatu vimepigwa rangi. Wakashikana mikono kama wageni, na kweli walikuwa wageni.

Nyumbani mama mkwe aliuliza ni nani, akaambiwa ni mwenzake wa kazini. Bibi akaushika mkono wa Mwalimu muda mrefu, akaupapasa vidole, akasema kumbe wapo kweli, mimi nilidhani ananidanganya. Akawaacha wakaingia chumbani. Kiti kilikuwa kimoja. Mwalimu akapewa kiti, Nukta akakaa ukingoni mwa kitanda.

Mwalimu hakunywa chai aliyowekewa. Alisema mumewe alikuwa akisikiliza siku ile simu ilipopigwa, naye hakuwa amemwambia kwamba ameandika kitu, kwa sababu mgonjwa alikuwa na hofu ya kila kitu. Kisha akatikisa kichwa, akasema hiyo nayo ni sababu ya kutafuta. Alikuwa ameshahamia chumba kingine na mlango ameshaufunga alipokana.

"Ningemwacha yule kijana abebe," alisema. "Nilishaamua. Nimekuja kukuambia, usije ukaniona mtu mzuri."

Nukta alitazama blanketi la mlangoni. Kuna maneno ya kumpoza mtu mzima ambayo mtu husema katika hali kama hiyo, nayo yalikuwa karibu, lakini hakuyatumia.

"Mimi nilikaa siku nne," akasema. "Na mwenyewe nilijaza nne kila mahali."

Mwalimu alimwangalia sana. Kisha akauliza kama ana namba ya Wakili.

Nukta akamtafutia, akamsogezea simu mezani. Mwalimu alivaa miwani, akabonyeza tarakimu moja moja, akaweka sikioni na kunyoosha mgongo kama mtu anayeingia darasani. Wakili alipokea. Mwalimu akajitaja, akamwambia yale maoni ya kwenye dodoso aliyaandika yeye, alijua kwamba mwingine ameadhibiwa kwa ajili yake, na alinyamaza. Akamwomba radhi. Alisema yote hayo kwa mkupuo mmoja, bila kupamba.

Kijana alisema Nukta alipomsomea maoni yale baadaye alihisi ni mmoja wa watu wazima, maana vijana hawaandiki kwa heshima hivyo. Alisema ile wiki alitafuta kibarua kwenye duka la kuchapisha vitabu vya shule, wakamchukua. Mchana yuko huko, faili za kampuni anafanya jioni mbili kwa juma, na anafikiria kuziacha. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliuliza mzee anaendeleaje.

"Jana alikaa mwenyewe kitandani," Mwalimu akasema, "robo saa nzima." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, na akaanza kumweleza kijana jinsi ilivyokuwa.